Mombasa Katika Ukanda wa Asteroidi

Mhadhara kwa walimu wa sayansi na wanafunzi wa sekondari, Mombasa



Tarehe 5 Julai 1937, mwanaastronomia Cyril Jackson wa Union Observatory, Johannesburg, alipata katika picha za anga alama moja ndogo ambayo haikuwa nyota. Alama ile leo ina namba 1428, na jina lake ni Mombasa. Siku tatu kabla yake, tarehe 2 Julai, Jackson alikuwa ameipata nyingine, ambayo leo ni 1429 Pemba. Mwezi Mei mwaka uleule alikuwa ameshaipata 1427 Ruvuma. Ukifungua orodha rasmi ya asteroidi inayotumiwa na dunia nzima, ukifika hapo unasoma kwa mfululizo: Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia. Zote sita ni za Jackson, na zote zilipatikana kati ya Mei na Agosti mwaka huo mmoja.

Watu wengi wa mji huu hawajui kwamba jina lao liko huko. Wengine wakiambiwa hucheka, wakidhani ni mzaha wa watalii. Si mzaha. Nimekuja kueleza jina lilifikaje huko, kwa sababu naamini kila mtoto wa pwani hii anastahili kuijua habari hiyo kwa undani, pamoja na kazi iliyokuwa nyuma yake. Jina la angani hupewa kitu kilichofuatiliwa mpaka njia yake ikajulikana. Kukiona kitu ni kazi ya usiku mmoja. Kukifuatilia ni kazi ya miaka, na haki ya kutaja jina hutoka kwenye kufuatilia huko.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Asteroidi ni miamba, mingine ikiwa na metali nyingi, inayolizunguka Jua kama sayari zinavyolizunguka, ila ni midogo. Iliyo mingi imo kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii, katika eneo linaloitwa ukanda mkuu wa asteroidi. Filamu zimetuzoesha kudhani kuwa ukanda huo ni msongamano wa mawe yanayogongana bila kupumzika. Ukweli ni kwamba uzito wa asteroidi zote za ukanda huo ukijumlishwa haufiki hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi wetu, nao umetawanyika katika nafasi kubwa kiasi kwamba vyombo vya anga vimepita katikati yake mara nyingi bila kugusa kitu. Kubwa kuliko zote, Ceres, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi.

Mombasa ya huko ina kipenyo cha kilomita 57 hivi, ambazo ni karibu mwendo wa kutoka hapa hadi Kilifi. Kwa asteroidi, huo ni ukubwa wa heshima. Uso wake ni mweusi, una kaboni nyingi, hivyo unarudisha sehemu ndogo tu ya mwanga wa Jua unaoufikia. Iko umbali wa wastani wa kilomita milioni 420 kutoka kwenye Jua, karibu mara tatu ya umbali wetu sisi, na huchukua karibu miaka minne na miezi tisa kukamilisha mzunguko mmoja. Pemba ni ndogo zaidi, kilomita 10 hivi; ungeweza kuiweka juu ya kisiwa cha Pemba na ardhi ikabaki pande zote. Na iko 1278 Kenya, ambayo Jackson aliipata Juni 1933 pamoja na 1279 Uganda. Hiyo Kenya ina tabia ya ajabu: hujizungusha polepole mno, saa 188 hivi kwa mzunguko mmoja, yaani usiku na mchana wake kwa pamoja ni karibu siku nane zetu. Asteroidi nyingi za ukubwa wake humaliza mzunguko katika saa chache tu.

Ili kuelewa kwa nini kufuatilia ndiko kunakohesabika, inatubidi turudi Palermo, kisiwani Sisilia. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, padri Giuseppe Piazzi alikuwa akipima nyota kwa ajili ya orodha yake kubwa. Usiku uliofuata akarudia vipimo, kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta mojawapo haipo pale alipoiacha. Akaifuata usiku baada ya usiku hadi tarehe 11 Februari. Kisha akaugua, na kile kitu nacho kikasogea upande wa Jua kikafunikwa na mwanga wake. Kilipotarajiwa kutokea tena upande wa pili, hakuna aliyejua pa kukitafutia. Siku zile chache za vipimo zilikuwa sehemu ndogo mno ya mzunguko wake.

Hapo hesabu ndiyo iliyouokoa ugunduzi. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alibuni namna ya kukokotoa njia ya kitu cha angani kutokana na vipimo vichache, akaonyesha kitafutwe sehemu gani ya anga. Mwisho wa mwaka uleule Franz Xaver von Zach akakiona, na usiku uliofuata Heinrich Olbers akakiona pia, karibu na mahali Gauss alipopataja. Wanafunzi wanaoniuliza hesabu itawasaidia nini huwa nawasimulia habari hii ya Gauss. Pasipo hesabu yake, Piazzi angebaki mtu aliyesema ameona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona.

Kwa upande wa jina, Piazzi alipendekeza Ceres Ferdinandea. Ceres alikuwa mungu wa kike wa mazao kwa Warumi wa kale, na alihusishwa sana na Sisilia. Ferdinandea ilikuwa heshima kwa mfalme Ferdinand aliyetawala kisiwa hicho. Wanaastronomia wa nchi nyingine waliipokea Ceres na kuiacha Ferdinandea. Hawakuona sababu ya kubeba jina la mfalme wa watu wengine kila waandikapo vipimo vyao. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza kabisa wa asteroidi, na tayari siasa ilikuwa imebisha hodi. Haijaacha kubisha mpaka leo.

Zikafuata Pallas mwaka 1802, Juno mwaka 1804 na Vesta mwaka 1807. Baada ya hapo ukapita ukimya mrefu hadi 1845, ilipopatikana Astraea. Desturi ikawa ni kutoa majina ya kike kutoka hadithi za kale za Wagiriki na Warumi. Desturi hiyo ilitosha wakati wagunduzi walipokuwa wakitazama kwa macho kupitia darubini, lakini mwaka 1891 Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, akaanza kutumia picha, na idadi ikapaa. Miungu ya kike ikaisha. Wagunduzi wakageukia wake zao, mabinti zao, miji yao na wafadhili wao. Kufikia miaka ya 1930 namba zilikuwa zimepita 1,000, na mlango ulikuwa wazi kwa jina la mahali popote duniani. Katika mlango huo ndimo Afrika ilimopita.

Union Observatory ilianza mwaka 1903 kama kituo cha hali ya hewa cha Transvaal. Mkuu wake wa kwanza, Robert Innes, alikuwa mpenda nyota, na hatua kwa hatua akakifanya kituo kile kuwa cha astronomia. Mwaka 1909 kikapokea kamera kubwa yenye lenzi ya sentimita 25 hivi, iliyotolewa na Mwingereza John Franklin-Adams, ambaye kwa mapenzi yake binafsi alikuwa amejitwika kazi ya kuipiga picha mbingu nzima. Kwa msaada wa mabamba ya picha ya kamera hiyo, mwaka 1915 Innes aliitambua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko nyota nyingine yoyote baada ya Jua. Harry Edwin Wood, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa kituo, alikuwa ameshapata asteroidi mwaka 1911 na kuiita Transvaalia. Jackson alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1903, akaletwa Afrika Kusini akiwa mtoto. Kwa jumla anahesabiwa kuwa mgunduzi wa asteroidi 72, pamoja na nyotamkia mbili zenye jina lake na la wenzake.

Sasa nataka mwione kazi yenyewe. Bamba la picha la wakati ule lilikuwa kioo kilichopakwa dawa inayoathiriwa na mwanga. Unaliweka kwenye kamera gizani, unaelekeza kamera kwenye sehemu uliyoichagua ya anga, unafungua, na kwa muda mrefu unahakikisha kamera inazifuata nyota zinavyokwenda kutoka mashariki hadi magharibi. Ikizifuata vizuri, kila nyota inaacha nukta. Asteroidi, kwa kuwa ina mwendo wake miongoni mwa nyota, inaacha mstari. Mstari huo ni mdogo mno: kwa picha ya saa moja iliyopigwa na kamera kama ile, hauwezi kufika hata nusu ya milimita. Bamba moja lina maelfu ya nukta za nyota, madoa ya vumbi, na kasoro za dawa yenyewe. Mtu anakaa kulichunguza bamba lile kwa lenzi, sentimita baada ya sentimita, akitafuta alama moja iliyorefuka.

Kulikuwa pia na chombo cha kulinganisha mabamba mawili ya sehemu ileile ya anga yaliyopigwa nyakati tofauti. Chombo hicho kinakuonyesha bamba la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza tena, kwa haraka. Nyota zinatulia mahali pake. Kilichohama kinarukaruka mbele ya jicho. Innes alikitumia chombo cha aina hiyo alipoitafuta Proxima.

Ukishaipata alama, hujapata asteroidi bado. Unapima mahali ilipo kwa kuilinganisha na nyota ambazo nafasi zake zinajulikana. Unapiga picha nyingine siku zinazofuata. Unatuma vipimo kwenye taasisi ya Berlin, Astronomisches Rechen-Institut, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikitunza daftari la dunia. Huko wanaangalia kama kitu hicho si kile kilichoonekana na mtu mwingine miaka kumi iliyopita. Kikionekana ni kipya, kinapewa alama ya muda. Mombasa ilikuwa 1937 NO. Herufi N inamaanisha nusu ya kwanza ya mwezi Julai. Herufi O inamaanisha kwamba ni kitu cha kumi na nne kuripotiwa katika nusu mwezi hiyo, kwa kuwa herufi I inarukwa ili isichanganywe na namba moja. Pemba ilikuwa 1937 NH, ya nane. Mwanafunzi yeyote hapa anaweza kuisoma alama ya muda ya asteroidi yoyote kwa dakika mbili za kujifunza, na nawasihi mjifunze, maana utaratibu huo bado unatumika.

Mtauliza kwa nini Jackson alivuna sana kati ya Mei na Agosti. Jibu lake linapendeza. Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa upande wa anga ulio kinyume na Jua ukitazama kutoka duniani, maana hapo iko karibu nasi na uso wake wote tunaouona umemulikwa. Mwezi Juni na Julai, sehemu ya anga iliyo kinyume na Jua iko kusini sana, katika kundinyota la Mshale. Kwa mtu wa Heidelberg sehemu hiyo inajiburuta karibu na upeo wa macho, ndani ya ukungu na moshi, tena katika usiku mfupi wa kiangazi cha Ulaya. Kwa mtu wa Johannesburg inapita karibu utosini, usiku ni mrefu, na nyanda za juu za Afrika Kusini ziko katika majira yake makavu, mawingu hakuna. Jackson alikuwa anaangalia mahali ambapo wenzake wa kaskazini hawakuweza kupaangalia vizuri. Hapa kwetu miezi hiyo ni ya kusi, na mawingu ya baharini yanatusumbua, lakini latitudo yetu inatupa faida ileile: tunaona kaskazini na tunaona kusini. Faida hiyo hatujaitumia bado kama inavyostahili.

Namba hutolewa baadaye, njia ya kitu inapokuwa imethibitishwa kiasi kwamba hakiwezi kupotea tena. Kwa hiyo namba hazifuati tarehe za kuonekana, na hapa kuna mifano miwili kutoka nyumbani. Asteroidi Tanga ilipatikana na Jackson na Wood mwezi Juni 1930, miaka mitatu kabla ya Kenya. Lakini Kenya ni namba 1278, na Tanga ni 1595. Mfano wa pili unanigusa zaidi. Tarehe 3 Mei 1935 Jackson alipata vitu viwili. Kimoja kikawa 1356 Nyanza. Kingine kikawa 1638 Ruanda. Tarehe moja, mtu mmoja, na kati ya namba zao mbili kuna karibu asteroidi mia tatu zilizotangulia. Nyanza ni kubwa, njia yake ikathibitika mapema. Ruanda ilibidi isubiri vipimo vya miaka mingine. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na katika kazi hii anainama mara nyingi, sehemu kubwa bila kujua kama kuna kitu huko chini.

Kuhusu majina yenyewe, niseme wazi. Mwaka 1937 Mombasa ilikuwa bandari ya koloni la Waingereza. Pemba ilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Harub, na Uingereza ndiyo iliyoshika usukani. Mto Ruvuma ulizitenganisha Tanganyika ya Waingereza na Msumbiji ya Wareno. Jina lilipendekezwa na mgunduzi, na wenyeji wa mahali palipotajwa hawakuwa na nafasi katika utaratibu huo. Ukizisoma namba za Jackson utakuta pia 1246 Chaka, 1357 Khama na 1358 Gaika, majina ya viongozi wa Kiafrika. Utakuta mito: 1490 Limpopo, 1641 Tana. Utakuta 1197 Rhodesia. Mimi siyaoni majina hayo kuwa zawadi ya mkoloni, wala siyaoni kuwa wizi. Nayaona kuwa ramani ya bara hili kama mtu mmoja mchapakazi alivyolijua katika miaka ile, pamoja na mipaka na dhuluma zake zote.

Ramani hiyo haibadiliki. Jina la asteroidi likishachapishwa halifutwi kwa sababu serikali imebadilika. Rhodesia ya duniani ilikwisha mwaka 1980, ikawa Zimbabwe. Ya angani bado inazunguka kwa jina hilo. Transvaal ilivunjwa mwaka 1994. Mkoa wa Nyanza uligawanywa kuwa kaunti baada ya katiba ya Kenya ya 2010. Katanga, ambako Kiswahili kinazungumzwa mitaani kila siku, iligawanywa kuwa mikoa minne mwaka 2015, lakini 1817 Katanga ni moja tu. Ruanda imebaki na tahajia ya wakati wa Wabelgiji. Baadhi ya vijana wameniuliza kama hatupaswi kudai yabadilishwe. Jibu langu ni kwamba majina ya angani ni kumbukumbu za mahakama ya historia. Tukianza kuzifuta, tutafuta na ushahidi. Afadhali tuongeze yetu.

Na njia ya kuongeza ipo. Leo daftari linatunzwa na Minor Planet Center, iliyoanzishwa Cincinnati mwaka 1947 na kuhamia Cambridge, Massachusetts, mwaka 1978. Majina huamuliwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Mgunduzi ana miaka kumi tangu kitu kipewe namba kupendekeza jina. Jina lisizidi herufi 16, pamoja na nafasi kati ya maneno. Litamkike. Lisimtukane mtu. Lisifanane mno na jina lililopo. Mtu aliyejulikana kwa siasa au vita hapewi mpaka ipite miaka 100 tangu kufa kwake, na tukio la namna hiyo mpaka ipite miaka 100 tangu litokee. Matangazo ya biashara hayakubaliki, na majina ya paka na mbwa hayapendwi. Naiunga mkono kwa moyo wote ile kanuni ya miaka 100. Ingekuwapo siku za Piazzi, Ferdinandea isingepata hata nafasi ya kujadiliwa.

Hakuna jina la asteroidi linalouzwa. Nasema hivi kwa sababu kuna watu mitandaoni wanaouza vyeti vya majina ya nyota, na wapo ndugu zetu walionunua kwa nia njema, wengine kwa kumkumbuka marehemu. Cheti kile hakitambuliwi na mwanaastronomia yeyote. Anayetaka kumkumbuka mzazi wake, hela hiyo ainunulie shule ya kijijini darubini ndogo.

Asteroidi zilizopewa namba sasa zimezidi 700,000. Zenye majina ni elfu ishirini na kitu tu. Maana yake, zaidi ya tisa katika kila kumi bado ni namba tupu. Na zinazidi kuja: Juni 2025, Vera C. Rubin Observatory ya Chile ilionyesha picha zake za kwanza, na katika saa kumi hivi za kuangalia anga ilikuwa imepata asteroidi mpya zaidi ya 2,000. Jackson alifanya kazi maisha yake yote kupata 72. Nikilinganisha hesabu hizo, Jackson hapungui machoni pangu hata kidogo. Mashine inaona mstari. Yeye aliutafuta kwa jicho lake mwenyewe kwenye kioo, na wenzake walimheshimu kwa hilo, ndiyo maana mojawapo ya asteroidi alizozipata Wood inaitwa 2193 Jackson, na iko pia 1660 Wood.

Waafrika Mashariki wameshaanza kutaja majina angani kwa mkono wao. Katika shindano la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia lililofunguliwa mwaka 2022, kundi kutoka Kenya lilipendekeza majina ya Kimaasai kwa nyota moja iliyo umbali wa miaka ya nuru 48 hivi na sayari yake. Majina hayo, Orkaria na Enaiposha, yalikubaliwa, na sasa ndiyo rasmi. Nyota hiyo na sayari yake ziligunduliwa na wengine, lakini jina lilitoka huku, likatetewa na watu wa huku, kwa lugha ya huku.

Kwa asteroidi, hatua inayofuata ni kugundua. Upo mpango uitwao International Astronomical Search Collaboration, unaoendeshwa kutoka Marekani, ambao hutuma picha za anga kwa makundi ya wanafunzi na wapenda nyota wa nchi nyingi bila malipo. Picha nyingi hutoka kwenye darubini za Pan-STARRS huko Hawaii. Kundi linapakua picha nne za sehemu ileile ya anga, linazipitisha kwenye programu iitwayo Astrometrica, na kutafuta nukta inayohama. Kompyuta ya kawaida ya shule inaweza kazi hiyo. Kitakachopatikana kitapita njia ileile ya Piazzi na Jackson: kuripotiwa, kuonekana tena, njia kukokotolewa, kusubiri. Kusubiri kwenyewe ni miaka kadhaa. Mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza anaweza kuwa amemaliza chuo kikuu siku kitu chake kitakapopewa namba. Walimu, msiwafiche jambo hilo. Waambieni mapema, na mweke vizuri kumbukumbu za shule, ili siku barua itakapofika pawepo mtu wa kuifungua anayejua inahusu nini.

Nina pendekezo moja la karibu zaidi. Mombasa ya angani hufika upande wa anga ulio kinyume na Jua kila baada ya miezi 15 hivi. Kwa macho haionekani, lakini darubini yenye kioo cha sentimita 20 ikiunganishwa na kamera ya astronomia itainasa kwa dakika chache, mradi mtoke kwenye taa za mji, mwende ndani kidogo, Kwale au Kinango. Piga picha usiku wa kwanza, rudia usiku wa pili. Itakuwa imehama karibu nusu ya upana wa Mwezi. Pimeni nafasi yake kwa programu ileile ya Astrometrica, mlinganishe na nafasi iliyokokotolewa na Minor Planet Center.

Kazi hiyo ina faida zaidi ya mazoezi tu. Kituo chochote kinachotaka kutambuliwa na Minor Planet Center na kupewa msimbo wake wa tarakimu na herufi, hutakiwa kwanza kutuma vipimo vizuri vya asteroidi ambazo njia zake zinajulikana tayari, usiku zaidi ya mmoja. Msimbo ukitoka, vipimo vya kituo hicho vinaingia kwenye daftari la dunia sawasawa na vya Chile na Hawaii. Napendekeza shule za kaunti hii zichange darubini moja na kamera moja, zichague mahali pamoja penye giza, na zitume maombi ya pamoja. Miongoni mwa vipimo vya kwanza vya kituo hicho, viwemo vya 1428.